Uwiano wa Pande za Pembetatu: Mzizi, Kiambishi na Kosa la Mwanafunzi

Makala haya yanachunguza fundisho moja la jiometri ya shule za sekondari, nalo ni fundisho la uwiano wa pande katika pembetatu, kwa kulitazama kama jambo la lugha. Huenda msomaji akastaajabu kulikuta somo la hisabati katika kurasa hizi. Sababu ni kwamba hapa ndipo hisabati humtaka mwanafunzi atenganishe kabisa mawazo mawili ambayo Kiswahili kimeyajenga juu ya mzizi mmoja, na kuyatofautisha kwa kiambishi tu. Mwalimu asiyevijali viambishi vyake aweza kufundisha kosa huku akidhani kwamba anafundisha kanuni.

Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985, mfanano wa maumbo na ukuzaji wake uliwekwa katika kidato cha pili. Kitabu ni cha Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la namna hiyo anajua kwamba mwalimu anapoona nyuso zimekunjamana huiacha lugha ya kitabu na kueleza kwa Kiswahili, kisha hurudi kwenye Kiingereza ili aandike ubaoni. Kwa hiyo sentensi zinazobeba maana hasa ya somo, zile zinazoanza na “yaani”, aghalabu husemwa kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekiandaa wala kukipima. Nchini Tanzania hali ina sura nyingine. Huko mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali huzoea istilahi za hisabati kwa Kiswahili kwa miaka kadhaa, kisha huingia sekondari na kuzikuta kwa Kiingereza. Maneno ya kwanza hayafutiki, bali huendelea kufanya kazi chini kwa chini.

Fundisho lenyewe laweza kuelezwa kwa ufupi. Pembetatu mbili zikiwa na pembe zilizo sawa, kila moja na mwenzake, basi pande zake huwiana: upande wa kwanza wa pembetatu kubwa ukiwa mara moja na nusu ya upande wa kwanza wa pembetatu ndogo, pande nyingine mbili nazo huwa mara moja na nusu ya wenzake. Chukua pembetatu yenye pande za sentimita 4, 6 na 8. Ikuzwe mpaka upande wa 4 uwe 6. Je, pande nyingine zitakuwa na urefu gani? Jibu ni 9 na 12. Lakini katika darasa lolote watapatikana wanafunzi wengi watakaojibu 8 na 10, na wataeleza bila kusita: “Nne imezidi kwa mbili ikawa sita; kwa hiyo sita itazidi kwa mbili, na nane pia.”

Maelezo hayo ya mwanafunzi yanastahili kusikilizwa kwa makini kabla ya kusahihishwa. Kitenzi alichokitumia ni “zidi”, na hakukitumia vibaya. “Kuzidi kwa mbili” katika Kiswahili fasaha ni kuwa na nyongeza ya mbili. Sasa itazamwe kauli ambayo mwalimu alitaka aitumie. Mwalimu husema: “Kila upande umezidishwa kwa moja na nusu.” Kitenzi ni kile kile, kikiwa kimetiwa kiambishi cha kusababisha: zidi, zid-ish-a. Kusababisha kitu kizidi, kwa kanuni za kawaida za mnyambuliko, kungepasa kuwa kukiongeza tu. Hapo ndipo istilahi ya hisabati ilipokwenda mbali na sarufi: “kuzidisha” kumepewa maana ya tendo jingine kabisa, na “kwa” inayofuata imebaki ile ile. Imezidi kwa tatu. Imezidishwa kwa tatu. Katika kauli ya kwanza tatu ni tofauti, katika ya pili ni idadi ya marudio. Kinachozitenga ni silabi moja iliyo mwishoni mwa kitenzi, na katika matamshi ya haraka ya mwalimu anayekimbizana na kengele silabi hiyo haisikiki kwa uzito unaostahili.

Lugha ya Kiarabu, iliyotupa mzizi wa “zidi”, haikulitumia neno hilo kwa hesabu hii. Waarabu hulitaja tendo hilo kwa kitenzi chenye maana ya kupiga, na hivyo kuongezeka na kuzidisha haviwezi kuchanganyika kwa mzizi. Kiswahili kilichagua njia yake, na si kazi ya makala haya kudai kwamba njia hiyo ibadilishwe. “Zidisha” imekwisha kukaa. Linalofaa kusemwa ni kwamba istilahi iliyojengwa hivyo humdai mwalimu uangalifu ambao istilahi ya Kiarabu isingemdai.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuitwika lugha lawama yote. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa watoto wa shule za Uingereza katika miaka ya 1970, na kuchapishwa mwaka 1981 chini ya uhariri wa K. M. Hart, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na Kiingereza chao nao hukimbilia kujumlisha pale inapotakiwa kuzidisha, hasa wanapopewa umbo la kukuza kwa kipimo kisicho namba nzima. Basi mwelekeo huo ni wa akili ya mwanadamu inayojifunza, popote ilipo. Tofauti ni hii: mtoto wa London huufikia mtego huo akiwa peke yake, lakini mtoto wa Kisumu au Voi hupelekwa karibu nao na maneno ya mwalimu wake.

Dawa ya kwanza si kanuni nyingine, bali ni kulifuata kosa mpaka mwisho wake ili lijionyeshe. Mafundi waashi wa Afrika Mashariki, wanapotaka kona ya nyumba iwe mraba, hupima kamba ya 3, 4 na 5, ama kwa futi ama kwa mita, na pembe inayokabili 5 huwa ya nyuzi 90 kamili. Fundi akitaka uhakika zaidi katika msingi mrefu hutumia 6, 8 na 10. Sasa mwanafunzi anayejumlisha apewe kazi ya fundi. Ataongeza 3 kila upande na kupata 6, 7 na 8. Apimiwe uwanjani kwa kamba na vigingi, kisha aitwe aitazame kona yake: ni ya nyuzi 75 na nusu hivi. Hakuna ukuta wa pili utakaokubali kukutana nayo. Kazi hiyo huchukua dakika ishirini tu, na mwanafunzi huiamini kona kuliko anavyouamini wino mwekundu.

Mtego wa pili wa lugha ni mzuri kwa sura na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Walimu wengi, wanapotafuta namna ya kuieleza dhana ya uwiano, huangukia muundo wa “kadiri … ndivyo …”. Husema: “Kadiri mti unavyokuwa mrefu, ndivyo kivuli chake kinavyokuwa kirefu.” Sentensi hiyo ni fasaha na ni kweli, lakini haisemi uwiano. Inasema tu kwamba vitu viwili huongezeka pamoja. Umri wa baba na wa mwanawe huongezeka pamoja pia, wala hauwiani: baba aliyekuwa na miaka 30 mtoto alipokuwa na 10 hatakuwa mara tatu ya mwanawe milele. Kiambishi “-vyo-” cha namna huonyesha ulingano wa mwenendo. Kiasi hakimo ndani yake.

Mfano wa kivuli wenyewe, ukitumiwa vizuri, ndio bora kuliko yote, na ni wa kale: Wayunani walisimulia kwamba Thales wa Mileto alipima kimo cha piramidi za Misri kwa kivuli. Isimamishwe fimbo ya mita 1 uwanjani, kivuli chake kiwe mita 0.8. Mnazi ulio karibu una kivuli cha mita 9.6. Jua liko mbali mno, kiasi cha kilomita milioni 150, hata miale yake inayoifikia fimbo na ile inayoufikia mnazi ni kama mistari sambamba. Kwa hiyo pembetatu ya fimbo na pembetatu ya mnazi zina pembe zilizo sawa. Mnazi basi una mita 12. Mwanafunzi anayejumlisha atasema kwamba fimbo imekizidi kivuli chake kwa mita 0.2, kwa hiyo mnazi una mita 9.8. Majibu yote mawili yanaelekea kuwa kweli kwa macho, kwa maana hakuna atakayeupanda mnazi na futi kamba. Hapo mwalimu na aulize swali moja: kwa hesabu hiyo, fimbo ya sentimita 20 itakuwa na kivuli cha urefu gani saa hiyo hiyo? Kwa kanuni ya kujumlisha, haitakuwa na kivuli kabisa. Itasimama juani bila kivuli, kama jini.

Wanafunzi wa mwambao wana ujuzi mwingine wa vivuli ambao vitabu vya shule haviutumii. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, pamoja na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kileleni. Kwa haraka mtu aweza kudhani kwamba hii ni kanuni ya kujumlisha, na kweli kuna kujumlisha ndani yake. Lakini kinachojumlishwa, yaani kivuli cha adhuhuri, nacho huwiana na urefu wa kitu. Lau si hivyo, mwenye kupima kwa fimbo fupi na mwenye kupima kwa mnara mrefu wasingeswali alasiri kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini fimbo yoyote yafaa kwa kazi hiyo, amekwisha kuulizwa swali la uwiano, na jibu lake atalitafuta katika jambo analoliheshimu.

Mtego wa tatu umo katika neno la kawaida kuliko yote katika somo hili, yaani “upande”. Mzizi -pande umezaa jamii nzima: upande, kipande, na pande katika ngeli ya ukubwa, kama pande la nyama. Wingi wa “upande” ni “pande”, na hulingana kwa umbo na umoja wa lile la ukubwa. Upatanisho peke yake, “pande za” na “pande la”, ndio unaozitenga. Katika maongezi ya kila siku mipaka hii ni legevu, na “upande wa ubao” waweza kuwa kile kilichokatwa kutoka ubao mzima. Katika jiometri ulegevu huo huleta hasara ya alama, na mahali pake panajulikana.

Pachorwe pembetatu ABC. Ndani yake uchorwe mstari DE ulio sambamba na BC, D ikiwa juu ya AB na E juu ya AC. Mwanafunzi ameambiwa kwamba mstari huo hugawa pande mbili kwa uwiano ulio sawa, yaani AD kwa DB ni kama AE kwa EC. Kisha apewe AD ni 4, DB ni 2, DE ni 6, na aulizwe urefu wa BC. Wengi huandika kwamba 4 kwa 2 ni kama 6 kwa BC, na kupata 3. Jibu hilo linapingana na mchoro wenyewe, maana BC, iliyo chini na pana, imekuwa nusu ya DE iliyo juu yake na nyembamba. Jibu la haki ni 9, kwa kuwa 4 kwa 6 ni kama 6 kwa BC.

Asili ya kosa hilo ni kwamba AD na DB si pande bali ni vipande. Ni vipande vya upande mmoja, AB. DE na BC, kwa upande mwingine, ni pande kamili, kila moja ya pembetatu yake. Vipande hulinganishwa na vipande, na pande na pande. AD ina hadhi mbili kwa wakati mmoja: ni kipande cha AB, na ni upande wa pembetatu ndogo ADE. Inapokuwa kipande, mwenziwe ni DB. Inapokuwa upande, mwenziwe ni AB nzima. Mwalimu akiyatumia maneno “upande” na “kipande” kwa ukali wa namna hii tangu siku ya kwanza, kiambishi ki- kitamfanyia kazi ambayo mishale na rangi za chaki haziwezi kuifanya. Kwa jambo hili Kiswahili kina neema. Hapahitajiki istilahi mpya hata moja.

Inafaa pia kutaja namna Euclid alivyoithibitisha kanuni hii katika kitabu chake cha sita, kwani uthibitisho huo haupimi urefu wowote, nao husimulika vizuri kwa Kiswahili. Unganisha B na E, kisha C na D. Pembetatu DBE na DCE zina kitako kimoja, DE, na ncha zao nyingine ziko juu ya mstari mmoja ulio sambamba na kitako hicho; kwa hiyo maeneo yao ni sawa. Sasa kila moja ilinganishwe na pembetatu ADE. ADE na DBE zina kimo kimoja kutoka E, kwa hiyo maeneo yao huwiana kama vitako vyao, AD kwa DB. ADE na DCE zina kimo kimoja kutoka D, nazo huwiana kama AE kwa EC. Lakini DBE na DCE ni sawa. Basi uwiano wa kwanza na wa pili ni mmoja. Katika masimulizi haya “sawa” imetumika kwa maeneo tu, na “huwiana” kwa yale yanayolinganishwa kwa mara. Mwalimu akichanganya hapo, uthibitisho wote huporomoka.

Neno “sawa” lenyewe limechoka kwa kazi nyingi. Ni usawa wa vipimo, ni usahihi wa jibu, ni kukubali agizo, ni hali njema ya mgonjwa. Kuliongeza jukumu la kueleza maumbo yenye sura moja na ukubwa tofauti ni kulionea. “Kufanana”, ambalo limekwisha kuzoeleka kwa maana hiyo, lina kasoro ya kinyume: ndugu wawili hufanana bila mtu kupima pua zao. Kiingereza nacho hakikuokoka. Neno lake la kitaalamu ndilo litumikalo sokoni kwa vitu vinavyokaribiana tu. Wako wanaopendelea “mshabaha”. Wasomi wa fasihi watalitambua mara moja kama jamaa ya “tashbihi”, na ujamaa huo una faida darasani. Katika tashbihi mtu hulinganishwa na simba kwa sifa moja, ushujaa, na sifa nyingine zote huachwa. Katika mshabaha wa pembetatu hakuna kinachoachwa isipokuwa ukubwa. Mwanafunzi aliyefundishwa tashbihi na mwalimu wa Kiswahili asubuhi aweza kuelezwa mshabaha alasiri kwa tofauti hiyo moja.

“Uwiano” ni neno bora kuliko sifa linazopewa. Kwa umbo lake ni u-wi-an-o, na ndani yake mna “wia”, kitenzi ambacho katika Kiswahili cha kale kilihusu deni: mwia ni mdai, na aliyewiwa ni mdaiwa. Kiambishi -an- hulifanya deni hilo kuwa la pande zote mbili. Kwa Kiarabu dhana hii huitwa kwa neno la mzizi uliotupatia “nasaba” na “mnasaba”. Kiswahili kiliyachukua maneno hayo kwa ukoo na uhusiano, na kwa hesabu kikachukua neno la Kibantu. Linalofaa kutiliwa mkazo darasani ni ile -an-. Hakuna urefu unaowiana peke yake, kama vile hakuna mtu anayependana peke yake. Mwanafunzi anayeandika kwamba “upande huu una uwiano wa 3” amevunja sarufi kabla ya kuvunja hisabati, na aweza kusahihishwa na mwalimu wa somo lolote kati ya hayo mawili.

Vipimo vya kale husaidia hapa. Shibiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima. Wapewe wanafunzi wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, pembetatu moja kubwa iliyochorwa sakafuni, kila mmoja aipime kwa shibiri yake. Hesabu zao zitatofautiana kwa kila upande. Lakini kila mmoja akigawa upande mrefu kwa ule mfupi, watapata jibu moja, isipokuwa kwa makosa madogo ya vidole. Shibiri imetoweka katika jibu, na kilichobaki ni cha pembetatu wala si cha mkono.

Limebaki neno “mara”, ambalo lina matatizo mawili. “Mara mbili zaidi” husemwa na magazeti na redio bila kujali kama ni mbili au tatu kwa moja. Darasani “zaidi” na iondolewe kabisa baada ya “mara”. Tatizo la pili ni zito zaidi. Kukuza umbo kwa nusu, yaani kulifanya liwe dogo, kunasikika kama mzaha, lakini ndilo jambo ambalo mtaala hulitaka, na warsha za hisabati mpya zilizoanza Entebbe mwaka 1962 pamoja na vitabu vya jiometri ya mageuzo vilivyozifuata viliizoesha Afrika Mashariki dhana hiyo. Neno “skeli” limefaa zaidi kwa sababu halina upande: skeli yaweza kukuza na yaweza kupunguza.

Na “kubwa mara mbili” ni nini? Pembetatu ambayo pande zake ni mara mbili ya nyingine ina eneo mara nne. Mwenye shamba huliona jambo hili akiwa na ramani ya mpimaji mkononi. Kwa skeli ya 1 kwa 2,500, sentimita moja ya ramani ni mita 25 za ardhi, na kwa hiyo sentimita moja ya mraba ni mita za mraba 625. Neno “ukubwa” haliambii kama kinachosemwa ni urefu au eneo, na mtahini anayeuliza kwa neno hilo hana haki ya kumnyima mtoto alama. Aseme “ndefu mara mbili” akitaka urefu, na “eneo mara mbili” akitaka eneo.